HAKI YA MNUNUZI KATIKA BIDHAA ZIUZWAZO KWA SETI

(Hotuba iliyotolewa kwa waumini msikitini baada ya Sala ya Alasiri)



Nimeombwa niseme machache juu ya biashara, nami nimechagua jambo moja ambalo wengi wetu hulipuuza mpaka litufike wenyewe. Siku hizi vitu vingi madukani haviuzwi kimoja kimoja. Hufungwa pamoja, hupewa bei moja, na huitwa seti: seti ya masufuria na mifuniko yake, seti ya vikombe na visahani, kompyuta na printa yake, mtambo mzima wa umeme wa jua. Hapana ubaya katika kuuza namna hiyo, na mara nyingi mnunuzi hupata nafuu ya bei. Ubaya huanza pale muuzaji anapokusanya masalio ya rafu, vitu visivyooana na ambavyo havikukusudiwa kufanya kazi pamoja, akavifunga kwa kamba moja na kuvipa jina la seti.

Chukueni mfano wa msikiti wa kijijini usiofikiwa na waya wa umeme. Waumini wanachangishana kwa miezi mingi, mwingine akileta fedha, mwingine akileta kuku auzwe, ili wapate taa za Isha na Alfajiri na kipaza sauti cha adhana. Kamati inakwenda mjini na kuonyeshwa seti: paneli moja ya wati 50, betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, chaji kontrola, inveta ya wati 1,000 na taa sita. Ukubwa wa betri na wa inveta unafurahisha macho, fedha zinatolewa.

Lakini fanyeni hesabu. Betri ile ikijaa hubeba kama wati-saa 1,200. Paneli ya wati 50, katika saa tano za jua kali, huleta wati-saa 250 tu, na sehemu yake hupotea njiani. Hata isipowashwa taa yoyote, betri itahitaji karibu siku tano ijae. Na taa zinawashwa kila usiku. Tena inveta yenyewe, ikiachwa imewashwa, hula umeme ijapokuwa haikuchomekwa kitu. Basi betri hiyo haitajaa hata siku moja. Betri ya risasi na asidi inapokaa bila kujaa, vibati vyake hugandwa na chumvi ngumu, nayo hufa kabla ya wakati wake. Kwa betri ya ukubwa ule ilifaa paneli ya wati 150 au zaidi.

Sasa angalieni ugumu wa shauri lenyewe. Kamati ikirudi dukani, muuzaji atasema: "Paneli ni nzima, ipimeni. Betri niliwapa mpya. Inveta inafanya kazi." Na katika yote hayo huenda asiwe mwongo! Kila kitu kwa nafsi yake ni kizima. Kilichoharibika ni ule ushirika wao. Hapa ndipo wanunuzi wengi hunyamaza na kurudi kijijini kuchanga upya. Nami nasema hawana sababu ya kunyamaza. Aliyeuza seti hakuuza vitu vitano peke yake, bali ameuza pamoja navyo ahadi kwamba vinafaana. Ahadi hiyo imelipiwa fedha. Ikiwa si ya kweli, mauzo yana dosari hata kama hakuna kipande kimoja chenye dosari.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwakataza watu kufunga viwele vya ngamia na mbuzi kabla ya kuwauza ili maziwa yajikusanye na mnyama aonekane wa maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo, akamkama na kuujua ukweli, alipewa hiari: akitaka abaki naye, na akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Tazameni vizuri. Mbuzi yule si mgonjwa wala si kilema, na maziwa ni ya kweli. Hata hivyo mnunuzi amepewa haki ya kumrudisha, kwa kuwa alivyopangwa machoni pake sivyo alivyo. Na ile pishi ya tende inatufunza kwamba muuzaji naye hadhulumiwi, maana mnunuzi ameyatumia maziwa.

Mnakijua pia kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume s.a.w. aliingiza mkono katika chungu yake na kukuta unyevu ndani. Mtu yule alijitetea kwa mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, bali kwa kutoiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Wenye maduka walioketi hapa nawaomba wakitafakari kisa hicho kwa makini, kwani hakikuwaharamishia kuuza nafaka iliyolowa. Mwenye vikombe vinne vya fungu moja na viwili vya fungu jingine anaweza kuviuza pamoja kwa uhalali kabisa, mradi amwambie mnunuzi na avipange vionekane.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wameingia ndani zaidi. Imamu Nawawi katika Minhaj ameshika kauli kwamba mtu akinunua vitu viwili kwa mkataba mmoja, na kimoja kikatokea na aibu, huvirudisha vyote viwili. Hakirudishi kile kibovu peke yake. Wengine huliona jambo hili kuwa zito kwa mnunuzi. Mimi naona lina haki ndani yake: ukimrudishia muuzaji kiatu cha kushoto na kubaki na cha kulia, umemwachia nini? Tena wamesema kwamba anayerudisha asikawie baada ya kuijua aibu, na akiendelea kukitumia kitu ilhali anajua, haki yake ya kurudisha huondoka. Kamati inayoendelea kuwasha taa miezi sita huku ikilalamika imejifungia mlango. Na muuzaji anayeshurutisha kwamba hahusiki na aibu yoyote ya bidhaa, kauli yenye nguvu kwao ni kwamba sharti hilo halimwokoi, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Basi vipi yale maandishi tunayoyaona ukutani na chini ya risiti, "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Watu huyasoma kana kwamba ni sheria ya nchi. Sivyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya ina ya kwake, Sura ya 31, zote zikifuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Humo imo kanuni kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wake, na muuzaji huyo hufanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, basi bidhaa sharti ifae kwa kazi ile. Imo pia kwamba ukiletewa ulivyoagiza vikiwa vimechanganywa na usivyoagiza, waweza kupokea vilivyo sawa na kukataa vingine, au kukataa vyote. Lakini nazo zinataka usikawie kupita muda wa kiasi, na aliyekagua bidhaa kabla ya kununua hatasikilizwa sana kwa kasoro ambayo jicho lake lilipaswa kuiona. Mfuniko usioenea sufuria hujulikana palepale dukani. Fungueni boksi kabla ya kutoa fedha.

Zaidi ya hayo, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha watu, na maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti hayamwondolei muuzaji katazo hilo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Ndugu zetu wa Kenya wana ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010, inayowapa wanunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo ya kutosha, na haki ya fidia.

Huko kote swali la kwanza litakuwa: mlimwambia muuzaji nini? Kwa hiyo kamati ya msikiti inapokwenda kununua, iende na karatasi yenye idadi ya taa, saa zitakazowaka, na wati za amplifaya. Muuzaji aisome, kisha aandike kwa mkono wake juu ya risiti kwamba seti hii ni kwa kazi hiyo, naye atie sahihi. Akikataa kuandika, fedha zenu bado zimo mfukoni, na maduka mengine yapo.