Mgeni Afundishe, Mwenyeji Abaki na Ujuzi

Wageni wanaojitolea kufundisha katika shule za umma si jambo jipya Kenya. Vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walianza kufika mwishoni mwa 1964, wakaendelea hadi 2014, mpango uliposimamishwa kwa sababu za usalama. Hapo tupate funzo: shule ikimtegemea mgeni pekee, siku akifunga virago somo nalo linakwenda.

Katika Kaunti ya Isiolo, jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya lugha. Mtoto wa Merti huingia darasani na Kiborana. Wa Ngaremara huja na Kiturkana. Sera inataka afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi gredi ya tatu, kisha Kiingereza kichukue nafasi. Mgeni akiuliza swali, darasa hunyamaza. Mwalimu mwenyeji akilirudia kwa Kiborana, mikono inainuka.

Basi wanaojitolea tuwapokee kwa moyo mkunjufu, lakini kwa utaratibu. Kwanza, wasajiliwe na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), kama sheria ya 2012 inavyotaka kwa kila mwalimu. Pili, wakae mwaka mzima. Wiki mbili hazimfunzi mtoto kusoma. Tatu, kila mgeni afundishe bega kwa bega na mwenyeji, ili mbinu na vitabu vibaki shuleni.

Zaidi ya yote, ukarimu wa wageni usiwe kisingizio cha serikali kuchelewa kuajiri. Mtoto wa Isiolo ana haki ya mwalimu wa kudumu, anayelipwa mshahara wake kila mwezi.