Kuwamba Upya Ngoma Kuukuu

Somo letu leo ni juu ya ngoma iliyochakaa ngozi. Huenda nyumbani kwenu iko moja, imetupwa pembeni, na kuku wanatagia ndani yake. Mtu akiuliza, huambiwa, "Ngoma hiyo imekufa." Mimi nasema haijafa. Kilichokufa ni ngozi tu.

Hapa Tabora ngoma ni jambo la zamani. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, karibu na mji huu, mwaka 1857, aliandika kwamba misafara iliongozwa na kirangozi, na nyuma yake akafuata mpagazi mwenye ngoma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kazi ya upagazi ikafifia. Ngoma haikufifia.

Kwanza, ng'oeni vigingi na ngozi ya zamani, kisha tazameni mzinga. Ukiwa wa mti mgumu kama mninga, waweza kuvaa ngozi nyingi, moja baada ya nyingine. Ufa mdogo zibeni kwa nta ya nyuki. Unyamwezi hatukosi nta.

Ngozi ya mbuzi yafaa ngoma ndogo, ya ng'ombe yafaa ngoma kubwa. Lakini iwe ngozi iliyokaushwa tu, siyo ngozi ya viatu. Ngozi ya viatu imetiwa dawa, haijikazi vema ikikauka. Ilowekeni majini usiku kucha mpaka iwe laini kama nguo. Asubuhi kwangueni manyoya na mabaki ya nyama kwa kisu, polepole, msiitoboe.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Chongeni vigingi vipya, vinene kidogo kuliko vya zamani, maana matundu yamekwisha panuka. Itandazeni ngozi ingali na maji. Pigeni kigingi cha kwanza, na cha pili kipigeni upande wa pili kabisa, kielekeane na cha kwanza. Cha tatu na cha nne vivyo hivyo, mpaka mmalize mzunguko. Mnaijua methali, "Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake." Twaitumia kumsema mtu mchoyo, lakini kwa fundi ni hatari ya kweli. Akianza upande wake na kuendelea mfululizo, upande huo hukaza na ule wa pili hulegea, na ngoma hutoa sauti mbili kama watu wanaogombana. Basi wambeni wawili, mkae mkitazamana, kila mmoja avute kwake kwa nguvu sawa.

Kisha iwekeni kivulini siku mbili au tatu. Ngozi ikikauka hunywea, na kunywea huko ndiko kunakoikaza. Juani hunywea ghafula. Najua, kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe. Palikuwa na harusi jioni, nikaianika ngoma ya jirani juani ili niwahi. Saa tisa nilisikia mlio kama wa bunduki: ngozi imepasuka toka kigingini hadi katikati. Mzee mwenye ngoma hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na mbuzi mwingine yuko wapi?" Harusi ile ilichezwa kwa makofi na debe.

Ngoma ikisha kauka, ipigeni taratibu siku ya kwanza. Wakati wa masika hewa ina maji, na ngozi hulegea. Ipasheni moto wa majani makavu kabla ya kucheza. Wekeni mkono wenu karibu na ngozi. Mkono ukishindwa, iondoeni.

Jambo la mwisho lahitaji kalamu, au kipande cha mkaa. Upande wa chini wa mzinga andikeni ngozi ni ya mnyama gani, na tarehe mliyowamba. Atakayeifungua baada yenu atajua ngozi ile ilidumu miaka mingapi. Wasio na ngoma waandike maneno hayo katika daftari, nasi tutayasoma pamoja katika somo lijalo.