Mtoto Anayeumwa Kichwa Mara kwa Mara na Macho Yake Kubadilika: Mwongozo kwa Wazazi wa Bukoba na Muleba



Kazi yetu katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni kuhakikisha kuwa dawa mnazonunua ni salama, ni bora na zinafanya kazi iliyokusudiwa. Katika mada hii, hata hivyo, tunataka kuzungumzia hatari inayoweza kutokana na dawa isiyo na kasoro yoyote. Mtoto huumwa kichwa leo, akapewa kidonge, akatulia. Huumwa tena kesho, akapewa kingine. Wiki hupita, macho nayo huanza kubadilika, na bado hakuna aliyeuliza maumivu hayo yanatoka wapi. Dawa imetuliza maumivu, lakini chanzo chake kimebaki palepale.

Tuanze kwa kuwatoa hofu. Maumivu mengi ya kichwa kwa watoto hayatokani na ugonjwa wa kutisha. Huletwa na mafua, homa, njaa, kukosa usingizi, au kipandauso, ambacho huwapata watoto kama kinavyowapata watu wazima. Mwanafunzi asiyeona ubaoni vizuri huweza kuumwa kichwa baada ya masomo, naye akapona kwa kupata miwani inayomfaa.

Hapa Kagera kuna sababu nyingine inayokuja haraka midomoni mwetu, nayo ni malaria. Hatushangai. Muleba imepambana na ugonjwa huu kwa muda mrefu, na ni huko ambako utafiti ulioanza mwaka 2014 ulisaidia kuonyesha ubora wa vyandarua vilivyoongezwa kiambato cha kupunguza usugu wa mbu. Lakini mazoea ya kuiona malaria katika kila kichwa kinachouma yanaweza kutupotosha. Mtoto apimwe kabla ya kupewa dawa ya mseto. Aidha, fahamuni kuwa kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dozi juzi, akapimwa tena na kuambiwa bado anayo, aombewe kipimo cha hadubini. Na mtoto aliyetibiwa malaria mara mbili au tatu mfululizo bila kichwa kupona anahitaji kuchunguzwa upya, tangu mwanzo.

Ni dalili zipi zinazotofautisha maumivu ya kawaida na yale yanayodai uchunguzi wa haraka? Ni maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini au kumzidi anapoamka asubuhi. Kutapika asubuhi mara kwa mara bila kuharisha. Maumivu yanayoongezeka wiki hadi wiki. Kuyumba anapotembea, kuangusha vitu, au kushuka ghafla kwa maendeleo ya shule. Kwa upande wa macho, ni kengeza lililoanza hivi karibuni, kuona kitu kimoja kama viwili, kuona ukungu, jicho kuchezacheza lenyewe, kope moja kulegea, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au mtoto kuinamisha kichwa upande mmoja ili aone vizuri. Kwa mtoto mchanga, tazameni kama kichwa kinakua kwa kasi na macho yanaelekea chini wakati wote.

Macho yanahusikaje na kichwa? Fuvu ni chombo kilichofunga. Uvimbe unapoota ndani yake, au maji yanayozunguka ubongo yanapokosa njia, shinikizo hupanda. Mshipa wa fahamu wa jicho umeungana moja kwa moja na ubongo, hivyo shinikizo hilo huufikia na kuuvimbisha. Mtaalamu wa macho anaweza kuuona uvimbe huo akimulika nyuma ya jicho kwa kifaa chenye taa. Uchunguzi huu hauna maumivu, na wakati mwingine ndio unaofichua tatizo kabla ya kipimo kikubwa. Shinikizo likiachwa bila tiba, uwezo wa kuona unaweza kupotea na usirudi tena.

Ipo dalili nyingine isiyopaswa kusubiri, hata kama kichwa hakiumi: weupe unaong'aa katikati ya mboni, ambao mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu. Kwa mtoto mdogo huweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Saratani hii ikiwahiwa hutibika. Ikicheleweshwa hugharimu jicho, na hata uhai. Msiifute picha hiyo. Nendeni nayo hospitali.

Sasa turudi kwenye dawa. Parasetamoli ni dawa salama ikitolewa kwa kipimo sahihi, na kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Dawa za maji hutofautiana nguvu: ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 250 katika ujazo uleule. Someni lebo, tumieni kijiko kilichokuja na chupa, wala msizidishe dozi 4 kwa saa 24. Tazameni pia kama pakiti mbili zenye majina tofauti zina parasetamoli ndani yake, kwani dozi zikirundikana huharibu ini. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila agizo la daktari. Na iwapo mtoto amefikia hatua ya kuhitaji dawa ya maumivu siku kadhaa kila wiki, hilo peke yake ni sababu ya kumwona daktari. Dawa hizi zikitumiwa mfululizo zinaweza zenyewe kuendeleza maumivu ya kichwa.

Kuhusu macho, msinunue dawa ya matone kwa kubahatisha. Baadhi zina steroidi, ambazo zikitumika bila usimamizi huongeza shinikizo ndani ya jicho na huweza kusababisha mtoto wa jicho. Msitumie chupa iliyobaki kwa jirani, wala maji ya majani, wala maziwa ya mama. Tena mwelezeni daktari kila dawa ambayo mtoto ametumia, zikiwemo za asili. Dawa za jamii ya tetrasaikilini na vitamini A iliyozidi kiasi, kwa mfano, zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu.

Kabla ya kwenda hospitali, chukueni daftari la shule na kuandika: siku na saa ya maumivu, kama alitapika, alichoona, dawa aliyopewa na kiasi chake. Kama hamkumbuki tarehe ya mwanzo, andikeni majira: tangu senene, au tangu mavuno ya kahawa. Daktari anaweza kujifunza mengi katika ukurasa huo mmoja.

Anzeni katika kituo kilicho karibu, na msiondoke bila maelezo. Kwa wakazi wa Muleba zipo hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Kwa Bukoba ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kipimo cha CT-Scan au daktari bingwa akihitajika, rufaa huweza kwenda Bugando, Mwanza, na upasuaji wa ubongo hufanyika pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Tunajua safari hiyo si nyepesi, hasa kwa anayetoka Bumbire ambaye ni lazima kwanza avuke ziwa. Kwa sababu hiyo, ombeni barua ya rufaa, nakala za majibu, na uhakika kwamba kipimo kinapatikana huko mnakotumwa. Asiye na uwezo wa kulipa aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Mnayo haki ya kuuliza maswali haya: Mnadhani ni ugonjwa gani? Ni upi mmeshauondoa, na kwa kipimo gani? Je, nyuma ya macho yake pameangaliwa? Asipopata nafuu, turudi lini? Kuuliza hivi si utovu wa adabu.

Lakini mtoto mwenye homa na shingo ngumu, degedege, usingizi usio wa kawaida, kupoteza uwezo wa kuona ghafla, au maumivu makali baada ya kuanguka, asisubiri daftari wala asubuhi. Apelekwe usiku huohuo.

Mwisho, dawa ikimletea mtoto madhara, au mkiitilia shaka, tunzeni pakiti yake yenye namba ya toleo na mtoe taarifa kituoni au katika ofisi zetu. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kutoa taarifa, na kila taarifa hutusaidia kumlinda mtoto mwingine.