Rangi ya dende na mbegu tunayopitishiana
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wamemba, Bukavu)



Komite iliniomba nizungumze juu ya dende, wale wengine wanawaita kobayi, kwa sababu ya ile palabre mnayoijua. Memba mmoja alipokea dume na jike, wote wawili weusi. Wakati wa kurudisha ulipofika ili mwenzake naye apate, akaleta watoto wawili wekundu. Mwenye kupokea akakataa: « Yetu ilikuwa nyeusi. Hii mumeokota wapi? » Wengine wakasema amebadilisha, kwamba weusi ameuza sokoni. Tangu siku hiyo yule mama haji tena mkutanoni. Sitaji jina, na sikuja kuhukumu. Nimekuja kuwaonyesha kwamba dende weusi wawili wanaweza kuzaa mtoto mwekundu bila mtu yeyote kuiba.

Shikeni maharagi niliyogawa. Kila dende ana maharagi mawili ya rangi: moja alipewa na baba, lingine na mama. Haragi jeusi lina nguvu, linafunika jekundu. Kwa hiyo dende mwenye jeusi na jekundu, kwa macho ni mweusi tu. Jekundu limejificha ndani. Sasa mchukue dume wa namna hiyo na jike wa namna hiyo. Kila mmoja anatoa haragi moja, bila kuchagua. Jaribuni wenyewe, wawili wawili, macho yamefungwa. Mtapata jeusi na jeusi, jeusi na jekundu, jekundu na jeusi, na mara moja kati ya nne, jekundu na jekundu. Huyo wa mwisho anazaliwa mwekundu. Si kila uzazi, eh! Jike akizaa watatu, pengine wote ni weusi, pengine wekundu ni wawili. Lakini ukihesabu uzazi mwingi, utaona inakaribia mmoja kwa wanne.

Kinyume chake hakiko hivyo. Wekundu watupu wawili hawana haragi jeusi la kutoa, kwa hiyo hawazai mweusi. Hapo mtu anaweza kuuliza swali. Lakini mwekundu kutoka kwa weusi, apana, hiyo si ushahidi wa wizi.

Kuna jambo lingine la rangi ambalo ni la hatari. Kuna dende ambao nywele nyeupe zimechanganyika na za rangi, moja moja, kama kichwa cha mzee anayeanza mvi. Ukiwapandisha wawili wa namna hiyo pamoja, mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kutoka mweupe mtupu, macho madogo sana au hana kabisa, na meno mabaya yanayomzuia kula. Huyo hajalogwa, na jirani hana kosa. Ni urithi. Dende wa mvi, mpe mwenzake wa rangi kamili, na shida hiyo haitatokea.

Sasa tuingie katika jambo ambalo linaniumiza kuliko rangi.

Wengi wenu mlirudi mikono mitupu. Hakuna shamba, parseli ni ndogo, ng'ombe ni ndoto. Dende anakula majani, matembele, maganda ya ndizi. Anaishi jikoni bila kelele, mtoto anaweza kumtunza, na mambo yakiharibika unambeba ndani ya kitunga. Mimba yake ni kama miezi miwili na kidogo, na mara nyingi anazaa wawili hadi wanne. Ndiyo maana tulianza naye. Lakini nikipita nyumba kwa nyumba, Kadutu na Bagira, ninasikia neno lilelile: « Zamani walikuwa wanazaa watatu, wanne. Sasa ni mmoja, na anakufa. »

Majani yanaweza kuwa sababu, ugonjwa pia. Lakini angalieni: dume ni yule yule tangu mwanzo. Amepanda mabinti wake, na wajukuu wake. Kaka anapanda dada, kwa sababu wote wanalala jiko moja na dume mdogo anaanza mapema. Huko Marekani, wizara ya kilimo ilianza mwaka 1906 kuzalisha dende kaka na dada, kizazi juu ya kizazi, ili waone itakuwaje. Mwanasayansi Sewall Wright alishika kazi hiyo kuanzia 1915. Waliona watoto wanapungua, uzito wa kuzaliwa unashuka, wengi wanakufa. Walipochanganya familia mbili tofauti, nguvu ikarudi. Mwone basi: wao walifanya kwa makusudi, sisi tunafanya bila kujua.

Na kosa la pili: siku ya sikukuu, au siku ya kulipa minervali, tunamshika yupi? Yule mkubwa! Anabaki mdogo, mnyonge, na huyo ndiye anazaa. Mkulima hawezi kula maharagi mazuri yote na kupanda yaliyooza. Huko Peru, katika milima ambako dende alitokea, wana aina yao nyeupe inayoitwa Andina. Hawakuisifu kwa weupe. Walichagua majike wanaozaa watoto wengi, mwaka kwa mwaka. Weupe ni alama ya kuitambua tu.

Kwa hiyo ninaomba komite ipige kura leo juu ya haya:

Moja, dende wa kurudisha asikataliwe kwa rangi. Tuangalie uzito, macho, meno, na kama ni mzima.

Mbili, kila nyumba iwe na kaye: tarehe ya kuzaa, mama, baba, rangi, waliozaliwa wangapi, waliofika wiki tatu wangapi. Kaye ingekuwepo, yule mama angeifungua na palabre ingeisha siku ileile.

Tatu, madume wadogo watengwe wakifika wiki tatu.

Nne, tusimpe mtu dume na jike wa tumbo moja. Jike atoke nyumba hii, dume nyumba nyingine. Na kila mwaka madume wa Bagira waende Kadutu, wa Kadutu waje Bagira.

Tano, kabla ya kuuza au kuchinja, tenga kwanza wa mbegu: mtoto aliyekua haraka, wa mama anayezaa watatu na kuwalea wote watatu.

Na nje ya kura, ninaomba wazee wawili waende kwa yule mama, wamwambie kiti chake kiko. Wabebe maharagi, wamwonyeshe.

Sasa maulizo.