Wasifu Uliohama: Kutafuta Taarifa za Kivinjari Baada ya Kusasisha Kompyuta Kuukuu ya Linux

Mada kwa mafundi kompyuta na walimu wa TEHAMA, Mpanda, Katavi



Mwaka juzi mama mmoja mwenye steshenari maeneo ya Makanyagio aliniita nikamwangalizie kompyuta yake. Ni ya mezani, RAM gigabaiti 4, na ndani ilikuwa na Ubuntu 18.04, toleo ambalo huduma yake ya kawaida ilikwisha mwaka 2023. Baadhi ya tovuti zilikuwa zimeanza kuigomea. Nikanunua bando la usiku, nikaipandisha hadi 20.04, kisha 22.04, maana matoleo haya ya muda mrefu hayarukwi, unapanda ngazi moja moja. Alfajiri kazi ikawa imekwisha, nikaenda kulala. Saa mbili asubuhi simu ikaita.

"Fundi, umenifutia kila kitu."

Alamisho hakuna, nywila hakuna, historia nyeupe. Firefox aliyoitumia miaka sita ilikuwa inamkaribisha kama mgeni aliyeshuka na treni ya Kaliua jana yake.

"Mama, usibonyeze chochote. Nakuja."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo mada yangu. Kwa ninavyoona, taarifa za kivinjari zinazosemwa zimepotea baada ya kusasisha, nyingi hazijafutwa. Zimebaki nyumba ya zamani wakati kivinjari kimehamia mpya. Anayezifuta kweli, mara nyingi, ni fundi katika saa ya kwanza ya hofu.

Kwanza neno. Nikisema wasifu hapa sina maana ya ile karatasi ya kuombea kazi, ingawa steshenari zetu zinaishi kwa hiyo. Nina maana ya folda moja ambamo Firefox huweka kila kinachomhusu mtumiaji. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, maneno ya Kiswahili kwa mambo haya yapo. Sisi mafundi ndio wavivu.

Katika Ubuntu ya zamani wasifu unakaa ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye .mozilla/firefox. Ile nukta mwanzoni inaficha folda, kwa hiyo ukifungua kidhibiti cha faili huioni mpaka ubonyeze Ctrl na H. Kuanzia 22.04, Firefox haiji tena kama kifurushi cha kawaida, inakuja kama snap, na snap ina nyumba yake: snap/firefox/common/.mozilla/firefox. Inapofunguliwa mara ya kwanza hujaribu kunakili wasifu wa zamani na kuuleta huku. Mara nyingi hufanikiwa, na mteja hajui kwamba amehama.

Kwa yule mama haikufanikiwa. Nilipomhoji, akasema alipoifungua tu asubuhi ile umeme ulikatika, naye hana UPS. Mji huu umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo hakuona kukatika kwa umeme kama jambo la kumtajia fundi. Nilikuta folda mpya ina vipande vya wasifu wa zamani, pamoja na wasifu mwingine mtupu ambao ndio Firefox ilikuwa inaufungua. Ile ya zamani ilikuwa palepale, haijaguswa, zaidi ya megabaiti 600.

Hapa kuna mtego. Historia na alamisho zote zimo katika faili moja, places.sqlite. Wengi wetu tunaangalia ukubwa wake, tukiona megabaiti 5 tunasema, aha, kuna kitu. Hakuna kitu. Faili hilo huzaliwa na ukubwa wa takribani megabaiti 5 hata kabla mtu hajatembelea tovuti moja. Angalieni na tarehe: lililozaliwa leo asubuhi haliwezi kubeba kumbukumbu za miaka sita.

Mtego wa pili ni kunakili faili hilo peke yake. Pembeni yake huwa kuna places.sqlite-wal, ambamo mambo ya karibuni husubiri kuingizwa kwenye faili kuu. Nywila nazo zimegawanyika: logins.json ndiyo sanduku, key4.db ndiyo ufunguo. Ukibeba sanduku bila ufunguo umebeba takataka. Kwa hiyo funga Firefox kabisa, kisha nakili folda nzima kabla ya kufanya lolote:

cp -a ~/.mozilla/firefox ~/nakala-firefox

Herufi a inalinda tarehe na ruhusa za faili, na tarehe ndizo ushahidi wako. Baada ya hapo nilichukua wasifu wa zamani, nikaunakili ndani ya nyumba ya snap, maana snap haina ruhusa ya kuandika mambo yake kwenye folda zilizofichwa nje ya eneo lake. Nikafungua ukurasa wa about:profiles, nikaunda wasifu unaoelekezwa kwenye folda hiyo, nikaufanya uwe wa kufunguliwa daima. Alamisho zikarudi zote. Zisingerudi, ningeingia folda ya bookmarkbackups, ambako Firefox huhifadhi nakala zake za alamisho hadi 15 bila kumwambia mtu.

Jambo hili halikuanza na snap. Firefox 67, ya Mei 2019, ilianza kuipa kila Firefox iliyosakinishwa wasifu wake yenyewe. Waliokuwa na mbili kwenye mashine moja walifungua wakakuta patupu. Toleo hilohilo lilileta zuio la kurudi nyuma: wasifu ukishafunguliwa na Firefox mpya, ya zamani inaukataa na kukushauri uanze mpya. Kwa hiyo ule ujanja wetu wa "ngoja nirudishe ya zamani" unaongeza wasifu wa tatu kwenye mkanganyiko.

Mimi mwenyewe nimewahi kuua. Miaka hiyohiyo, katika shule moja ambayo sitaitaja, Firefox ya maktaba ilikuwa nzito baada ya kusasishwa. Nikabonyeza kitufe cha kuifufua. Ikafufuka, na kwenye deskitopu pakatokea folda iitwayo Old Firefox Data. Nikaiona uchafu, nikaifuta, nikamwaga na debe la taka. Ndani yake kulikuwa na vitu ambavyo ufufuo hauvihamishi, na mwalimu alivihitaji wiki iliyofuata.

Kivinjari kingine, Chromium, nitakipitia haraka. Faili la nywila utalikuta lipo, lakini limefungwa kwa ufunguo unaotunzwa na mfumo, hivyo ukihamisha folda pekee nywila hazisomeki. Na anayetegemea akaunti ya Google irudishe kila kitu akumbuke kwamba Google iliifungia Chromium huduma hiyo Machi 2021. Imebaki kwa Chrome.

Halafu kuna kisichopotea kabisa ila kinafanana na kupotea: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na tovuti zote zinakataa. Mteja anasema intaneti imefutwa. Tazama saa kwanza.

Nirudi kwa mama wa Makanyagio, maana kuna jambo linanisumbua. Nywila zilizorudi hazikuwa zake. Zilikuwa za wateja: waombaji wa ajira, wa mikopo ya vyuo, wazabuni wadogo. Firefox isipowekewa nywila kuu, yeyote mwenye folda ile anazisoma zote, na folda ile ilikuwa kwenye flashi yangu mfukoni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sidhani ilinisahau mimi. Flashi niliifuta mbele yake. Nikamshauri afute na zile nywila.

"Fundi, kuna kijana anatoka Mwese, nauli kwenda na kurudi. Nywila yake haijui, na laini aliyosajilia alishaitupa. Nikifuta, nimwambie nini?"

Tukaweka nywila kuu, tukaziacha. Sijaridhika na jibu hilo hata leo, na ningependa kusikia ninyi mngefanyaje.

Baada ya chai tutafungua kompyuta mbili nilizokuja nazo. Moja ina wasifu tatu na ni mmoja tu wenye kitu ndani. Nyingine inaamini kwamba leo ni Januari 2009.