Tuulize udongo kabla ya kuchimba fondasio

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Najua kuna wenye kunung'unika: matofali yapo, saruji ipo, juu ya nini hatuanzi kujenga shule? Ni mimi niliyesema tungoje. Niruhusuni nieleze.

Siku ile tulipopima kiwanja, mama mmoja mzee aliyerudi toka Nyarugusu alikataa kupita upande wa miembe. Akasema: «Mwanangu, pale tulizika watu usiku, tukakimbia.» Hapa Fizi hayo si hadithi tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inaandika kwamba toka 30 Desemba 1998 mpaka 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Na mtu anayezika huku anakimbia hana wakati wa kuweka msalaba.

Kuna mashini inaitwa radari ya ardhini. Iko kama kigari. Mtu anakisukuma polepole, mstari kwa mstari. Inatuma mawimbi ya redio chini, na yakirudi yanaonyesha mahali udongo umebadilika. Lakini tusidanganyane: haionyeshi mifupa. Inatuambia tu kwamba hapa pengine palichimbwa. Shimo la choo cha zamani au mzizi mkubwa vinaweza kufanana na kaburi. Tena udongo wa mfinyanzi wenye maji unameza mawimbi, ndiyo maana tunataka kupima wakati wa kiangazi.

Wengine walipima wakiwa wamechelewa. Kule Tampa, Marekani, nyumba zilijengwa juu ya makaburi ya Zion, ya watu weusi, yaliyoanza 1901. Ni mwaka 2019 tu radari ilionyesha majeneza zaidi ya 120 chini. Familia zilizokaa pale zikapaswa kuhamishwa.

Basi naomba tufuate njia hii. Kwanza wazee watembee nasi, waonyeshe, tupige vijiti. Kisha mashini ipite pale. Ikionyesha kitu, mtu asiguse: tujulishe chefu na parke, maana mifupa ni ushahidi, tena ni ndugu wa mtu. Shule tutaisogeza upande wa barabara, nafasi ipo.

Wafadhili, kubalini pesa ya kupima itoke mbele ya pesa ya matofali. Na wewe unayejua kitu, njoo uniambie, hata kwa siri.

Yule mama aliniuliza: «Mashini itanionyesha kaka yangu?» Nikamjibu hapana, itaonyesha mahali tu. Akanyamaza, kisha akasema: «Basi mnionyeshe hapo mahali, niweke jiwe.»