Mwaka 1984 na Shauri Lisilosikilizwa

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mwenye duka, mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Mwembesongo, Morogoro.)



Katibu wetu amenitaka niseme machache juu ya mwaka 1984. Mimi si mwalimu wa taarikh. Elimu yangu ni ya chuoni, na kazi yangu ni kupima mchele na sukari. Lakini vijana wetu huuliza sana barazani khabari za mwaka huo, na kila mtu huwajibu kwa kipande alichokishika yeye. Wenyeji wetu wa Morogoro humtaja Sokoine. Wafanya biashara hutaja siku vitu viliporejea madukani. Sisi wa Visiwani humtaja Mzee Jumbe, na hata yeye twamtaja nusu nusu. Leo nataka vipande hivyo tuviweke kwenye mkeka mmoja.

Januari 1983 Halmashauri Kuu ya CCM ilitoa mapendekezo ya kuibadili Katiba, ikawataka wananchi wayajadili. Katika siku za chama kimoja, ruhusa kama hiyo ilikuwa adimu. Kule kwetu mjadala ukaiacha njia uliyochongewa, ukaingia katika Muungano wenyewe: Zanzibar ilitoa nini, na imebakiwa na nini? Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar tangu 1972 na Makamu wa Rais wa Jamhuri, akalishika suala hilo kwa njia ya sheria. Akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Kwaw Swanzy, mtu wa Ghana, alitayarisha shauri la kupelekwa mbele ya Mahkama Maalumu ya Katiba, na rai yake ilielekea kwenye Serikali tatu. Karatasi zile ziliwafikia wakubwa wa Chama kabla ya kuwafikia mahakimu.

Mwisho wa Januari 1984 Halmashauri Kuu ilikutana Dodoma, na Jumbe akajiuzulu vyeo vyake vyote, vya Chama na vya Serikali. Wananchi wakaambiwa kuwa hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa imechafuka Zanzibar. Kana kwamba mtu kutaka kwenda mahkamani ni wingu la mvua! Na ajabu yake ni kuwa Jumbe huyu ndiye aliyeiongoza Afro-Shirazi ikaungana na TANU tarehe 5 Februari 1977. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ndiyo iliyomfungulia mlango wa kutokea.

Sasa nitasema neno ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Baada ya Jumbe, Ali Hassan Mwinyi alishika Urais wa Zanzibar, na Maalim Seif Sharif Hamad akawa Waziri Kiongozi. Maalim alikuwa miongoni mwa waliompinga Jumbe. Sisi twampenda Maalim, Mungu amrehemu, wala mapenzi hayo hayatulazimishi kuichana karatasi hii ya taarikh yetu. Mwaka 1988 yeye naye alifukuzwa katika Chama kile kile, na tangu 1989 hata 1991 alikuwa kizuizini. Kijana anayesimuliwa ya 1988 bila ya kusimuliwa ya 1984 amepewa kitabu kilichokatwa kurasa za mwanzo.

Tuje huku tulipo. Tarehe 12 Aprili Waziri Mkuu, Edward Sokoine, alikuwa akitoka Bungeni Dodoma kurejea Dar es Salaam. Gari yake ikapata ajali Dakawa, nasi hapa Mwembesongo twaijua njia hiyo vyema. Ni safari fupi tu ukishaipita Msamvu. Nchi nzima ililia. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka huo huo hapa mjini kikapewa jina lake, na mahala pake katika Uwaziri Mkuu pakashikwa na Salim Ahmed Salim, mtoto wa Visiwani.

Sokoine hakuwa mla rushwa, na hayo hata mahasimu wake waliyakubali. Walakini mimi mtu wa duka siwezi kuisifu yote ile vita yake ya 1983 juu ya wahujumu uchumi. Sheria ya mwaka ule ilimpeleka mshitakiwa mbele ya baraza makhsusi, bila ya kumruhusu wakili. Wazee wa biashara wasimulia watu waliotupa mali zao usiku kwa khofu, na katika hao wamo wenye maboksi mawili ya sabuni. Mlanguzi mkubwa na muuza duka mdogo walitiwa katika kapu moja. Sheria ile ikaondoshwa 1984, ikaletwa nyingine iliyozirejesha kesi hizo mbele ya Mahkama Kuu.

Ikafika bajeti ya Juni. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuleta bidhaa, wala haulizwi alikozipata. Shilingi ikashushwa, dola moja ikawa shilingi 17, na ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa. Sabuni ikaonekana tena, na nguo pia, lakini kwa bei yake! Mwenye mshahara alisimama mbele ya rafu iliyojaa akazihesabu senti zake, kisha akenda zake. Hata hivyo mimi naona lilikuwa jambo la kheri, kwani foleni ya kitu kisichokuwapo haimlishi mtu.

Oktoba Bunge likatia Haki za Binadamu ndani ya Katiba ya Muungano, na Urais ukawekewa mpaka wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Zanzibar nayo ikapata Katiba yake ya 1984, iliyoanza kutumika tarehe 12 Januari 1985, nayo ina haki hizo. Ila zile haki za Katiba ya Muungano hazikuweza kudaiwa mahkamani mpaka Machi 1988. Mwananchi akapewa funguo, akaambiwa asubiri mlango.

Na suala la Jumbe je? Tume ya Jaji Nyalali ililitamka mwaka 1992 kwa kupendekeza Serikali tatu. Tume ya Jaji Warioba ikalitamka tena 2013, na Bunge Maalumu la 2014 likazirejesha mbili. Jumbe mwenyewe alifariki Agosti 2016, akiwa ameishi miaka mingi Kigamboni. Ama ile Mahkama Maalumu ya Katiba, imo bado katika Katiba ya Muungano, nusu ya wajumbe wake watoke Serikali hii na nusu Serikali ile. Haijapata kukaa hata siku moja.